Naomba ushauri: kuhifadhi terabaiti 84 za sauti na nyaraka kwenye tepu kwa miaka 30

Mtunza seva wa maktaba, Mbale

Ndugu zangu mnaoshughulika na seva, salaam na poleni na kazi. Ninatunza seva za maktaba ya chuo kimoja hapa Mbale, na mkuu wangu ameniagiza nipendekeze namna ya kuhifadhi data yetu yote kwa muda mrefu. Anaposema muda mrefu anamaanisha miaka 30 na zaidi.

Tuna terabaiti 84. Karibu terabaiti 19 kati ya hizo ni sauti za wazee waliohojiwa katika vijiji vya Mlima Elgon na kule Teso, saa zipatazo 9,000, zilizohamishwa kutoka kwenye kaseti za zamani kwa kiwango cha biti 24 na kilohezi 96, ambapo saa moja ya sauti ya stirio hula takriban gigabaiti 2. Zilizobaki ni video pamoja na picha za kurasa za magazeti na kumbukumbu za vikao, kurasa zaidi ya 200,000, kila ukurasa ukiwa faili ya TIFF isiyobanwa na kando yake faili ndogondogo za maandishi na maelezo. Kwa jumla faili zinapita milioni moja.

Mambo mawili yametufikisha hapa. Mwaka jana umeme ulikatika, na uliporudi ulirudi kwa nguvu iliyounguza kadi inayosimamia safu ya diski zetu, tukakaa wiki tatu bila kujua kama data ipo au imekwenda. Ilipatikana, lakini wiki zile sitazisahau, kwa sababu wengi wa wazee wale wameshatangulia mbele ya haki na hakuna tena wa kumwendea kumwuliza alichosema. Jambo la pili ni mafuriko ya mwishoni mwa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika na kuchukua roho za watu. Maji hayakufika kwetu, ila nilikumbuka siku ile kwamba nakala yetu ya pili ilikuwa kwenye diski za nje, ndani ya kabati, katika jengo lilelile lenye seva.

Tumefikiria kupakia kila kitu kwenye seva za kukodi ng'ambo. Laini yetu ni ya megabiti 100 kwa sekunde, na hata tungepewa yote bila mtu mwingine kuigusa, ingetuchukua siku 78 usiku na mchana kupakia mara moja, na tungelipa kila mwezi kwa miaka yote hiyo.

Mkuu amesikia habari za tepu za LTO, yaani vikasha vya utepe wa sumaku vya kuhifadhia data. Muuzaji mmoja ametuletea orodha ya bei inayosema tepu ya kizazi cha nane inabeba terabaiti 30. Naomba wenye uzoefu mnieleze kama hilo ni kweli, ninunue kizazi kipi, na kama draivu moja, ile mashine ya kuandika na kusoma tepu, inatosha. Pia naomba kujua namna ya kuandika faili nyingi kiasi hiki, maana nilipojaribu kwa draivu ya kuazima ilikwenda polepole mno na kutoa sauti ya kusimama na kurudi nyuma kila mara.

Fundi wa mitambo ya data, Entebbe

Ndugu wa Mbale, pole kwa yaliyowapata. Nianze na la muuzaji, kwa kuwa linagusa fedha. Tepu ya LTO ya kizazi cha nane, iliyotoka mwaka 2017, inabeba terabaiti 12. Hiyo 30 imepatikana kwa kuzidisha 12 kwa 2.5, yaani wanadhani data yako itabanwa hadi ipungue mara mbili na nusu. Data ya hesabu za fedha au maandishi matupu hubanika hivyo. Video iliyokwisha kubanwa haibaniki kabisa, sauti hubanika kidogo, na picha za kurasa kuukuu zenye madoa na chembechembe hubanika kwa kiasi usichoweza kukitegemea kwenye bajeti. Panga kwa 12. Kizazi cha kumi, kilichotoka mwaka 2025, ndicho kilichoanza na terabaiti 30 halisi kwa tepu, lakini draivu yake haisomi tepu za vizazi vilivyotangulia, kwa hiyo usikubali mtu akuchanganyie mambo hayo mawili.

Angalia pia seva yako inahesabuje. Seva nyingi huhesabu kwa 1,024 na watengenezaji wa tepu huhesabu kwa 1,000. Kama zile 84 ni za seva, basi kwa hesabu ya tepu ni terabaiti 92 na ushee. Hizo ni tepu nane za kizazi cha nane kwa nakala moja, na kumi na sita kwa nakala mbili. Usiende chini ya nakala mbili.

Sasa ile sauti ya kusimama na kurudi nyuma. Draivu haikuwa mbovu, ilikuwa na njaa. Draivu ya kizazi cha nane huandika hadi megabaiti 360 kwa sekunde, na inaweza kupunguza mwendo ili iende sambamba na seva, lakini ikifika takriban megabaiti 100 kwa sekunde haiwezi kushuka zaidi. Data ikija chini ya hapo, draivu humaliza kilichomo kwenye bafa yake, yaani hifadhi yake ndogo ya muda, husimama, hurudisha tepu nyuma kidogo, hungoja, kisha huanza tena. Ukikaa karibu utasikia mvumo mrefu, kimya, mkwaruzo mfupi wa kurudi, halafu mvumo tena, na ukisikia hivyo usiku kucha ujue unaichakaza tepu pamoja na kichwa cha draivu. Tepu hiyo ina urefu wa mita 960, na kuijaza ni kupita urefu wake wote mara 208, mara ikienda, mara ikirudi, kwa hiyo kila kurudi kusikokuwa na sababu kunajumlishwa juu ya safari ambayo tayari ni ndefu.

Chanzo chake kwako ni faili ndogondogo. Diski zinazozunguka zikisoma faili elfu kumi za kilobaiti chache, zitakupa megabaiti 20 au 30 kwa sekunde, hata kama faili moja kubwa zingeisoma kwa 500. Mtandao nao una mchango: kebo ya gigabiti moja hupitisha takriban megabaiti 110 kwa sekunde, na kwa mwendo huo kujaza tepu moja ni saa 30, wakati draivu iliyofungwa moja kwa moja kwenye seva yenyewe kwa kadi ya SAS, bila kupitia mtandao, ingemaliza kwa saa tisa na robo. Kadi hiyo iwe ya kawaida, isiwe ile ya kusimamia safu za diski, kwa sababu nyingi za aina hiyo hazielewani na draivu za tepu.

Ninachokushauri ni kukusanya kwanza. Chukua mkusanyiko mmoja, tuseme magazeti ya mwaka mmoja au mahojiano ya tarafa moja, uufunge kwa tar uwe faili moja ya gigabaiti 50 hadi 100, uuweke kwenye diski ya SSD, ile ya kasi isiyozunguka, iliyo ndani ya seva hiyohiyo, kisha ndipo uupeleke kwenye tepu. Kazi ya kukusanya iende polepole inavyotaka, draivu haihusiki nayo. Ukiweka na programu ya mbuffer katikati, inayokusanya data kwenye RAM kabla ya kuipeleka kwenye draivu, ukaipa gigabaiti kadhaa, draivu haitasimama mpaka faili iishe. Sisi tulipoanza kufanya hivyo kelele ilikwisha siku ya kwanza.

Kuhusu kizazi, mimi ningenunua draivu ya kizazi cha tisa, cha mwaka 2021, kwa sababu inaandika na kusoma tepu zake za terabaiti 18 na za kizazi cha nane pia. Tepu mpya ya kizazi cha tisa ikiingizwa mara ya kwanza, draivu huipima kabla ya kuikubali, na jambo hilo linaweza kuchukua hadi saa mbili. Usiitoe kwa nguvu ukidhani imekwama. Kama fedha hazifiki huko, kizazi cha nane kinakutosha kabisa.

Mtunza kumbukumbu, Jinja

Ninakubaliana na ndugu wa Entebbe kwa mengi, ila naona tumezungumza sana juu ya kuandika, na kilichowahi kuniumiza mimi ni kusoma.

Nilifanya kazi katika shirika moja lililokuwa na tepu 19 za kizazi cha sita, zimepangwa vizuri kabatini, kila moja na lebo yake ya mistari. Orodha ya kilichomo katika kila tepu ilikuwa ndani ya programu ya nakala rudufu, na programu ilikuwa ndani ya seva, na seva ndiyo iliyokufa. Tuliweka programu upya kwenye mashine nyingine, ikatuambia kwamba leseni imekwisha muda. Tulipopata leseni, programu haikujua chochote kuhusu tepu zetu, ikabidi tuisomeshe tepu moja baada ya nyingine tangu mwanzo hadi mwisho ili ijenge orodha upya, kila tepu kati ya saa nne na tano, na kwa kuwa tulikuwa na draivu moja na jenereta iliyowashwa mchana tu, tulimaliza siku ya kumi na moja. Tepu mbili zilikuwa na data ya dakika chache za mwanzo na baada ya hapo hamna kitu. Kazi ya kuandika ilikuwa imekatika miaka mitatu nyuma, lebo ikabandikwa, tepu ikawekwa kabatini, na hakuna aliyewahi kuirudisha kwenye draivu hata mara moja. Nilikuwa mmoja wa waliobandika lebo zile.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla faili haijaondoka kwenye seva ipigie hesabu ya SHA-256, yaani alama inayobadilika faili ikibadilika hata kidogo, na hesabu za faili zote uziandike kwenye orodha ya maandishi ya kawaida ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua bila programu maalumu. Orodha hiyo iwe mahali pengi: mwanzoni mwa tepu yenyewe, kwenye seva, kwenye kompyuta ya mkuu wako, na kwenye karatasi iliyochapishwa angalau kwa kiwango cha mikusanyiko. Ukishaandika tepu, itoe, iingize kwenye draivu nyingine, isome yote, na ulinganishe. Nasema draivu nyingine kwa makusudi. Draivu ambayo vichwa vyake vimepotoka kidogo inaweza kusoma ilichoandika yenyewe bila lawama, na draivu nyingine yoyote ikashindwa, na siku draivu yako ikifa unabaki na tepu zisizosomeka na mtu.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako la draivu moja. Haitoshi. Kama bajeti ni ya draivu moja ya kizazi cha tisa au mbili za kizazi cha nane, mimi ningechukua mbili za kizazi cha nane. Ile miaka 30 iliyoandikwa kwenye pakiti ni umri wa tepu ikitunzwa vizuri, na draivu haina ahadi kama hiyo. Hadi kizazi cha saba, draivu zilikuwa zikisoma vizazi viwili vya nyuma, na kuanzia cha nane zinasoma kimoja tu, na cha kumi hakisomi hata kimoja. Mwambie mkuu wako leo, kwa maandishi, kwamba baada ya miaka kumi hivi data hii itahamishiwa kwenye tepu mpya, na fedha zake zianze kutengwa sasa. Asipoambiwa leo, atakayekuwa kwenye kiti chake wakati huo atadhani mlikwisha maliza kazi.

Jambo moja ninatofautiana na ndugu wa Entebbe. Kufunga kila kitu kwa tar ni sawa kwa kasi, lakini mtu atakayeishika tepu hiyo mwaka 2045 atahitaji kujua ukubwa wa bloku, yaani vipande ambavyo data iliandikwa kwavyo, na asipojua atahangaika. Mfumo wa LTFS, uliokuja na kizazi cha tano mwaka 2010, unaifanya tepu ionekane kama diski ya kawaida yenye folda na faili, na maelezo yake yamechapishwa kama kiwango cha kimataifa cha ISO. Mimi huweka zile faili kubwa za tar ndani ya LTFS, na hivyo napata yote mawili.

Mtunza seva wa maktaba, Mbale

Asanteni sana. Habari ya tepu mbili zilizokuwa tupu nimemsomea mkuu neno kwa neno, naye amekubali draivu mbili za kizazi cha nane.

Naomba niongeze maswali mawili. Baadhi ya mahojiano yana mambo ya siri, hasa migogoro ya ardhi ambayo familia zake bado zinaishi jirani, na sheria yetu ya kulinda data na faragha ya mwaka 2019 inatudai tulinde taarifa za watu. Je, nisimbe tepu zote, yaani nizifunge kwa ufunguo wa siri? La pili, ninahofia LTFS na umeme wetu. Ukikatika katikati ya kuandika inakuwaje?

Mtunza kumbukumbu, Jinja

Usisimbe zote. Draivu za LTO tangu kizazi cha nne zinaweza kusimba zenyewe kwa njia iitwayo AES ya biti 256 bila kupunguza mwendo, na kwa sababu ni rahisi hivyo watu huiwasha kwa kila kitu, kisha ufunguo unapotea na data inakuwa imekufa kabatini ikiwa nzima. Tenga mahojiano ya siri kwenye tepu zake, hizo ndizo uzisimbe, na ufunguo wake uchapishwe kwenye karatasi mbili ndani ya bahasha zilizofungwa kwa lakiri, zikakae kwa watu wawili kwa vyeo vyao, si kwa majina yao, kwa kuwa watu huhama. Bahasha isikae chumba kimoja na tepu. Magazeti ya zamani yaliyokwisha kusomwa na kila mtu hayana siri ya kulindwa, kinachoyatisha ni kupotea.

Kuhusu umeme, LTFS huweka orodha yake ya faili katika sehemu ya pekee ya tepu, na huiandika upya kila baada ya muda na pale unapoiambia seva kwamba umemaliza na tepu, kabla ya kuitoa. Umeme ukikatika kabla orodha mpya haijaandikwa, data iliyoingia karibuni ipo lakini haionekani kwenye orodha, na kuna programu ya ltfsck inayojaribu kuirudisha. Mimi sijisumbui nayo. Nikikatiwa umeme katikati ya tepu, naifuta na kuiandika upya tangu mwanzo, kwa kuwa tepu ya kuhifadhiwa miaka 30 sitaki iwe na historia ya kutengenezwatengenezwa. Weka UPS, ile betri ya dharura, inayoweza kushikilia seva na draivu mpaka jenereta iwake.

Msimamizi wa chumba cha seva, Kampala

Nimesoma yote na sina la kupinga. Naongeza juu ya unyevu na usafirishaji, ambavyo hamkuvigusa, na kwa sisi tunaoishi karibu na ziwa au chini ya mlima wenye mvua ni mambo makubwa.

Tepu za kukaa muda mrefu zinataka nyuzi 16 hadi 25 na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Joto hapa kwetu si tatizo kubwa, unyevu ndio adui. Msimu wa mvua kipimo changu cha ukutani husoma asilimia 75 na zaidi katika chumba kisicho na kiyoyozi. Usitegemee kiyoyozi peke yake kwa sababu kitazimika umeme ukizimika. Tafuta sanduku la plastiki lenye mpira wa kuzuia hewa kwenye mfuniko, weka tepu ndani zikiwa wima ndani ya vikasha vyake, tia vifuko vya kukausha unyevu na kipimo kidogo cha unyevu ambacho unaweza kukisoma bila kufungua. Tepu ikitoka mahali penye baridi kwenda chumba chenye joto, iache itulie siku nzima kabla ya kuiingiza kwenye draivu.

Nakala ya pili itoke Mbale. Baada ya yale ya 2022 sidhani kama nahitaji kueleza sababu. Kutoka Mbale hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na umbali huo unatosha kwa mafuriko, lakini safari yenyewe ndiyo ya kuangaliwa. Tepu zisibebwe kwa bodaboda, wala zisiachwe kwenye buti la gari lililoegeshwa juani. Kila mara tepu ikisafiri au ikianguka, hata kama kwa nje haina alama, fungua kwa kidole kile kimlango kidogo cha pembeni utazame pini ya chuma iliyoshika mwanzo wa tepu. Iwe imelala sawasawa kwenye vishikio vyake vyote viwili. Ikiwa imeinama au imetoka upande mmoja, usiiingize, kwa kuwa draivu itaivuta vibaya na utapoteza tepu na draivu kwa mara moja. Na kabla ya kuiweka sandukuni, sogeza kile kitufe cha kuzuia kuandikwa kifunge. Niliona kijana mzuri sana wa kazi akiandika juu ya tepu ya kumbukumbu kwa sababu hakuna aliyekisogeza.

Kuna watu watakaokuambia tepu ni teknolojia ya kizamani. Waambie kwamba Februari 2011 kosa katika programu lilifuta barua za baadhi ya watumiaji wa Gmail kwenye nakala kadhaa kwa pamoja, na Google walizirudisha kutoka kwenye tepu, kwa kuwa tepu zilikuwa hazijaunganishwa na mtandao, na kosa lile halikuweza kuzifikia.

Mtunza seva wa maktaba, Mbale

Nimeanza jana na sauti za wazee, kwa kuwa ndizo zisizo na mbadala popote, na magazeti yatafuata. Mikusanyiko ya kwanza imekaa kwenye SSD, draivu imekwenda saa mbili bila kusimama, na hesabu za SHA-256 zimelingana zote. Draivu ya pili haijafika, iko bandarini bado, kwa hiyo sijaweza kuisoma tepu kwenye mashine nyingine.

Mtunza kumbukumbu, Jinja

Usingoje bandari. Tuna draivu ya kizazi cha nane hapa na mchana huwa haina kazi. Njoo na tepu yako siku yoyote isipokuwa Jumatano, pamoja na orodha yako ya hesabu kwenye flashi, na uniandikie kwanza ni toleo lipi la LTFS ulilotumia ili niliweke kabla hujafika.